Nyumba Imefungwa

Bweni la Wasichana, Chumba cha 14
9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Barua hii ikikukuta umesimama, kaa kwanza. Ikikukuta umekaa, vua viatu, maana najua miguu yako imezunguka mji mzima tangu asubuhi. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima isipokuwa goti, na goti lake unalijua: huuma akitakiwa kupanda ngazi, hupona akialikwa harusini. Bado anashona sare za shule katika chumba cha nyuma kwa mjomba, na bado anakataa miwani, hivyo nusu ya watoto wa wilaya ile wanatembea na mifuko iliyopinda. Anakusalimu. Nilimwuliza kama ana neno la ziada kwako, akasema, "Salamu zinatosha."

Baada ya hayo, pokea habari: Ofisi ya Mipango Miji ya mji wenu imeniajiri kuanzia tarehe mosi Julai, nikishafanya mtihani wa mwisho. Ndiyo, Shangazi, ofisi ileile. Ngazi zilezile alizopanda Baba mara saba na kofia mkononi, akazishuka mara saba na kofia mkononi. Wenzangu wananipongeza kwa kupata kazi. Hawajui kwamba mimi sikuomba kazi. Niliomba zamu yangu.

Sasa natafuta mtaa wa kukaa, na nani anaujua mji huo kuliko wewe, uliyesoma mita za maji za kila nyumba kwa miaka ishirini na miwili? Nikiwa na miaka kumi nilikuwa nakaa dirishani nikikuona unakuja na kofia yako ya bluu, daftari kwapani. Unasimama nje ya geti letu, unaandika, unaondoka. Mimi nakupungia mkono. Nilidhani unaogopa mbwa, ingawa mbwa hatukuwa naye. Utoto una akili zake.

Lakini nisikufiche: ninautaka mtaa wa wastaafu, na ndani ya mtaa huo ninautaka upande unaotazamana na nyumba ya Bwana Kamba, yule mpimaji aliyepitisha barabara juu ya nyumba yetu. Nasikia amestaafu, amejenga, amepanda maua. Nataka kila anapofungua dirisha auone uso wa Baba juu ya mabega yangu.

Binti ya kaka yako,
Radi


Nyuma ya kiwanda cha sabuni
2 Februari

Radi mwanangu,

Nimekaa, na viatu nimevua kama ulivyoamuru. Hongera, na hongera tena. Nilimsomea jirani yangu mkunga barua yako, akasema, "Huyu akiingia ofisini, madirisha yatajifunga yenyewe." Mimi sijambo. Paka wangu amezalia ndani ya kabati, juu ya sare yangu ya kazi, kwa hiyo wiki nzima nimesoma mita nikiwa na gauni la sherehe. Watu wananiuliza naolewa na nani. Nawajibu, na Idara ya Maji. Mama yako mwambie… basi, mpe salamu tu.

Kuhusu mitaa, usimsikilize dalali. Dalali atakuonyesha rangi ya ukuta. Mimi nitakuambia maji yanafika saa ngapi. Mtaa wa tangi, kule kilimani, una hewa safi na majirani wanaosalimiana kwa kutikisa kichwa, ila maji hayapandi mpaka wa bondeni washibe. Utaoga kwa kikombe huku ukitazama mandhari. Mtaa wa hospitali ni kimya, una miti, na una mbwa wa kweli. Kovu ninalo, ukija nitakuonyesha. Mtaa wa reli ni vumbi na makelele, lakini mwanamke akiita "mwizi" milango ishirini hufunguka, na wawili watatoka na mwiko. Huku kwetu kunanuka sabuni kutwa kucha. Mgeni huumwa kichwa siku tatu. Ya nne huanza kuona kwamba miji mingine ndiyo inayonuka.

Mimi ningechagua reli. Mtaa wa wastaafu sina la kusema. Mita zao huzunguka polepole kama wenyewe.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana, Chumba cha 14
20 Februari

Shangazi,

Salamu za furaha: Mama amepata miwani. Ameona alichokishona mwaka mzima na anataka kuiomba radhi wilaya. Mimi ni mzima, nasoma, nabishana, nalala kidogo.

Umenieleza mitaa minne kwa ufundi ambao maprofesa wangu hawana. Ule niliokuuliza umeuruka kama anayeruka dimbwi. Unamhurumia mtu yule? Basi nikukumbushe, kwa sababu huruma ya namna hiyo mara nyingi ni usahaulifu uliovaa nguo nzuri.

Alama nyekundu iliwekwa ukutani kwetu Jumatatu. Katapila likaja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Majirani wote wa upande wetu waliitwa kwenye kikao, wakapewa viwanja vingine. Sisi hatukuitwa. Baba, fundi wa baiskeli mwenye grisi kwenye kucha, akapanda ngazi zile kuuliza. Bwana Kamba hakuinua hata macho. Akasema, "Karatasi zinasema nyumba hiyo hakuna mtu." Baba akauliza, "Na mimi ninayesema nawe ni nani?" Akajibiwa, "Mzee, karatasi."

Tangu siku hiyo Baba alijiita Hakuna Mtu. Mgeni akigonga pale kwa mjomba, yeye huitikia, "Hakuna Mtu yupo, karibu!" Nasi tukacheka. Tulicheka miaka miwili, Shangazi, mpaka tulipomzika, ndipo tukaelewa kwamba hakuwa akitania.

Nimeliona faili la barabara ile. Limo katika hifadhi ya nyaraka ya wizara, na mwalimu wangu amenipatia kibali kwa ajili ya tasnifu. Kulikuwa na mistari miwili ya kupitisha barabara, na mmoja ulitukwepa kabisa. Kando ya ule wa pili, kwa mwandiko wa Bwana Kamba, imeandikwa: "Kwa mujibu wa daftari la mita za maji, nyumba ya kona haina mkaaji. Mstari upite hapo." Haina mkaaji! Tulikuwa watano, tukioga, tukifua, tukinywa! Alilighushi daftari, hilo halina ubishi. Jalada la viambatisho halionekani. Mtunza nyaraka anasema limepotea. Mimi nasema limepotezwa, na nitalipata.

Radi


Nyuma ya kiwanda cha sabuni
11 Aprili

Radi mwanangu,

Umengoja sana, nisamehe. Niliteleza kwenye mfereji nikiwa kazini, mguu ukafungwa bandeji wiki tatu. Najua utaniuliza kama ninaandika kwa mguu, maana wewe ndiye wakili wa ukoo. Mkono ulikuwa mzima. Ila mguu ukiwa juu ya stuli, na mkono nao hudai likizo. Paka wadogo wawili wamepata wenyewe, wa tatu amebaki nami, mtundu, nimempa jina lako.

Nimekupatia chumba mtaa wa reli, kwa muuguzi mmoja mjane. Dirisha linatazama mawio, bomba liko ndani. Nimelifungua mwenyewe: ndoo inajaa kabla hujamaliza kutaja majina ya babu zako. Nimemwambia akuwekee.

Bwana Kamba ninasoma mita yake kila mwezi. Jicho moja halioni tena, mke alimtangulia. Huniletea kiti, nami sikikalii. Mwaka juzi aliniuliza, "Wewe si dada wa yule fundi baiskeli?" Nikasema ndiye mimi. Akageuka, akaenda kumwagilia maua yake.

Mwanangu, ukichoma majani ya zamani moshi hauchagui macho. Chukua chumba cha reli. Na hilo jalada liache lilale lilipolala.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana, Chumba cha 14
25 Aprili

Shangazi,

Pole kwa mguu, na mwambie huyo Radi wa miguu minne asikubali kunyamazishwa. Mama anakusalimu, alipoisoma barua yako aliikunja, akarudi kwenye cherehani.

Moshi hauchagui macho, unasema. Lakini katapila lilichagua! Lilipita kwa fundi baiskeli, likamwacha mwenye duka la vigae. Wanaotuhubiria subira, Shangazi, siku zote ni wale ambao paa lao lingali juu ya vichwa vyao. Sikusemi wewe. Najua ulimpenda Baba.

Sikiliza sasa, maana bahati imebisha hodi. Mkuu wangu mtarajiwa ameniandikia kuhusu kazi yangu ya kwanza. Barabara ya mchepuko inarefushwa, na mistari ni miwili: mwekundu unapita nyuma ya maghala, wa bluu unapita mtaa wa wastaafu. Gharama ni sawa, urefu ni sawa. Kanuni ya ofisi haijabadilika tangu enzi za Bwana Kamba: mistari ikilingana, huchaguliwa ule wenye nyumba chache zinazokaliwa, na ukaaji huthibitishwa kwa daftari la mita za maji. Nyumba zimelingana, Shangazi. Tofauti ya nyumba moja tu itaamua. Nyumba yake.

Daftari la mtaa ule unaliandika wewe. Mwezi wa tano, wa sita na wa saba, ukifika getini kwake, andika maneno mawili tu: "Nyumba imefungwa." Kanuni inataka miezi mitatu mfululizo. Katapila litafanya yaliyobaki, na akija ofisini na kofia mkononi, nitakuwa nimekaa kwenye kiti kilekile. Sitainua macho. Nitamwambia, "Mzee, karatasi."

Baba hakuwahi kukuomba kitu. Namwombea mimi.

Radi


Nyuma ya kiwanda cha sabuni
19 Mei

Radi,

Siwezi. Mwezi wa tano nimeshasoma, nimeandika nambari iliyokuwepo kwenye mita yake. Nimetuma daftari.

Usiniulize sababu. Njoo, ukae reli, ufanye kazi, uolewe au usiolewe, hilo sikuingilii. Ila hili usiniombe. Chochote kingine niombe.

Shangazi yako


Bweni la Wasichana, Chumba cha 14
6 Juni

Kwa Msoma Mita,

Sina salamu, na Mama sikumwambia kama ninakuandikia.

Jalada la viambatisho limepatikana. Halikupotezwa na mtu yeyote. Mtunza nyaraka alikuwa amelitumia miaka yote kuinulia mguu mfupi wa meza yake. Amelipangusa vumbi, akanikabidhi huku akicheka. Mimi nilicheka pia, nikidhani nimeshika shingo ya Bwana Kamba.

Ndani kuna kurasa tisa za daftari la mita za mtaa wetu. Miezi tisa. Kwenye mstari wa nyumba ya kona, mara tisa, pameandikwa: nyumba imefungwa. Hapakufutwa kitu. Hapakuongezwa kitu. Hapakughushiwa kitu. Na ile herufi ya g, yenye mkia unaorudi nyuma kama ndoano ya kuanikia, nilikuwa nimeiona wapi? Nilipanga barua zako tatu kando ya kurasa zile tisa. Mtunza nyaraka akauliza, "Ni mtu mmoja, eh?"

Nilikuwa dirishani! Nilikupungia mkono! Uliniona, ukainamisha kichwa, ukaandika kwamba hakuna mtu.

Miaka kumi na moja nimelinoa panga. Nimesoma kwa ajili yake, nimekosa usingizi kwa ajili yake, nimekataa wachumba kwa ajili yake. Miaka kumi na moja umenitazama nikilinoa, ukinisifu kwa bidii, ukinitafutia chumba chenye bomba ndani. Ulitaka nilitumie kwa mwingine, au ulitaka nichoke?

Nataka sababu. Si udhuru, sababu.

Binti ya Hakuna Mtu


Nyuma ya kiwanda cha sabuni
14 Juni

Mwanangu, kama bado ni halali yangu kukuita hivyo,

Nitakueleza kama nilivyozoea kusoma mita, nambari ilivyo.

Mdogo wako alipotimiza mwaka, baba yako alialika watu. Nikaja na blanketi nililofuma kwa miezi mitatu. Nikampakata mtoto, akalia. Baba yako, mbele ya wageni wote, akasema, "Mrudishe kwa wenye uzoefu. Mwanamke asiye na mtoto huhesabu maji ya watoto wa wenzake." Watu wakaangua kicheko. Mama yako naye alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi nililiweka blanketi juu ya kiti, nikatoka, nikaapa kwamba geti lile sitaliingia mpaka aje kuniomba radhi.

Hakuja. Mimi nami sikuingia. Lakini mita iko ndani, karibu na tangi lenu, na daftari halina safu ya "tumenuniana na kaka". Lina safu moja tu ya asiyefunguliwa geti. Nikaandika hiyo. Mwezi wa kwanza nilizunguka mtaa mara mbili kabla ya kuiandika. Wa tatu sikuzunguka tena. Nilikuona dirishani, ndiyo. Wewe ndiwe uliyenifanya niandike haraka, nikaenda kulia kwenye kona ya duka la vigae.

Sikujua kwamba daftari langu linasomwa na mwingine zaidi ya wapiga hesabu. Nilijua siku ya katapila. Nilikuja nikikimbia. Baba yako alikuwa amesimama na gurudumu la baiskeli mkononi. Akanitazama, akalitazama daftari kwapani mwangu, akasema, "Leo umeingia getini." Geti lilikuwa limelala chini.

Alijua, Radi. Alijua mpaka anakufa, na hakumwambia mtu, kwa sababu angenitaja mimi ingembidi ataje na maneno yake. Mama yako nadhani anajua nusu, ndiyo maana salamu zake zinatosha.

Bwana Kamba ana kosa lake: aliamini karatasi asishuke garini kugonga. Ila karatasi niliandika mimi. Siombi msamaha kwa barua. Ukija, nitakaa popote utakaponikalisha.

Shangazi yako


Ofisi ya Mipango Miji
24 Julai

Shangazi,

Mama ni mzima. Goti liko vilevile. Nilimsomea barua yako yote, na nilipofika pale penye kicheko aliniambia nirudie. Nikarudia. Akavua miwani. Hakuna alilosema ambalo nimetumwa nikufikishie.

Nimo mjini wiki ya nne. Nimepita nje ya geti lako mara tano, na mara mbili ulikuwa barazani. Nilisimama, nikatazama, nikaondoka. Sasa unajua dirishani kulikuwaje.

Mistari ile miwili niliikagua kwa miguu. Daftari nililiacha ofisini, nikagonga kila geti, mwekundu na bluu, siku nne. Mkuu wangu aliniuliza ni kanuni gani hiyo. Nikamwambia ni ya kushuka garini. Nilipogonga kwa Bwana Kamba alitoka mwenyewe, bomba la kumwagilia mkononi, akanigeuzia jicho lake zima. Nikamwambia, "Mimi ni binti ya Hakuna Mtu." Bomba likamponyoka, maji yakatulowesha miguu sote wawili. Aliniletea kiti, sikukikalia. Mbele yake, kwa herufi kubwa ili aweze kuzisoma, niliandika: Nyumba inakaliwa. Nyuma ya maghala nilikuta nyumba mbili tupu ambazo daftari lilizihesabu kuwa zina watu. Kwa hiyo barabara itapita huko. Bwana Kamba atabaki na nyumba yake na maua yake, na kila atakapoliona geti lake limesimama atajua ni nani aliyeliacha lisimame. Nilidhani jambo hilo lingenishibisha. Halikunishibisha, kwa sababu hasira yangu haikuwa yake yote.

Chumba cha reli nimekikataa. Muuguzi amenuna, ila nimemweleza kwamba si yeye. Mtaa wa wastaafu sina haja nao tena. Nimepanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya kijani, ng'ambo ya njia kutoka kwako. Ulipofungua mlango leo asubuhi kumtoa paka, pazia lililosogea lilikuwa langu. Kichwa kimeniuma siku tatu. Leo ni ya nne.

Mita yangu iko ndani, karibu na tangi. Mwenye nyumba ameniambia msoma mita wa mtaa huu hupita kila tarehe ishirini na nane, mwanamke mwenye kofia ya bluu, na kwamba hajawahi kukosa. Tarehe ishirini na nane nitaomba ruhusa kazini, kila mwezi, mpaka utakapostaafu. Utakuta geti wazi. Mbwa sina. Usinipungie mkono, wala usinipe pole. Sijakusamehe, na huenda nisikusamehe. Utainama kwenye mita, nami nitasimama juu yako nikitazama unachoandika.

Lakini uingie.

Radi